Sufuria Mbili za Yokasta

Katika nyumba ya akina Peguero, mtu wa kwanza kuamka alikuwa Mama Ondina, na wa mwisho kulala alikuwa yeye yule yule. Kabla majogoo wa mji wa Barahona hawajamaliza kuwika, alikuwa ameshachuja kahawa na kuitia sukari nyingi kama mumewe alivyopenda. Ndizi mbichi za kuponda zilikuwa zimeshachemshwa, na soseji na jibini vilikuwa vikikaangika katika mafuta yanayorukia ukuta.

Mumewe, Wilton, alikuwa dereva wa lori la kupeleka ndizi mji mkuu. Alikula upesi upesi, akawasha sigara hapo hapo mezani, akasema, "Ondina, mkono wako mtamu!" Kisha akapanda lori na kukaa humo kutwa nzima. Aliporudi jioni, alishuka kwenye kiti cha lori akaenda kukalia kiti cha dhumna.

Yokasta, binti yao wa pekee, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Asubuhi alifagia, akamwagilia maua ya barazani, kisha akavaa sare iliyoshonwa vizuri kuliko za wenzake wote, kwa sababu mama yake ndiye aliyewashonea nusu ya wanafunzi wa shule. Cherehani ilikaa kando ya meza ya chakula. Mama Ondina aliiinamia mchana kutwa. Jioni wanaume walipokuja kucheza dhumna barazani, moshi wa sigara zao uliingia mlangoni na dirishani, ukamkuta bado ameinama.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuta hata sigara moja. Pombe hakuionja. Chakula alikula amesimama jikoni wengine wakishashiba: ukoko wa wali, kipande cha soseji kilichoachwa, na mkate wa kufutia mafuta kwenye kikaango.

"Mama, kaa ule," Yokasta alimwambia mara kwa mara.

"Nikikaa nitalala," mama alijibu huku akicheka.

Mvua za mwezi wa tano zilipoanza, kicheko hicho kilipungua. Mama Ondina alianza kusimama njiani kila alipopanda mwinuko kutoka sokoni. Alichoka hata kabla ya kufanya kazi. Yokasta alipomuuliza, alisema ni uzee.

"Uzee gani, mama, na huna hata mvi moja?"

"Basi ni joto, mwanangu. Nipe huo uzi mweupe."

Jumapili moja mchana, wanaume walikuwa barazani kama kawaida. Wilton alicheza na jirani yao Chago, fundi wa pikipiki na magari, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Mama Ondina alitokea mlangoni, ameshika mwimo kwa mkono mmoja. Uso wake ulikuwa umelowa jasho ingawa feni ilikuwa inazunguka.

"Wilton, sijisikii vizuri," alisema. "Taya linaniuma. Na hapa mgongoni, katikati ya mabega, ni kama mtu amenibana kwa koleo. Na tumbo linanichafuka."

Wilton hakuinua macho kwenye kete zake. "Umekula?"

"Sijala."

"Basi ni njaa hiyo."

"Si njaa, ni mishipa ya wasiwasi tu," alidakia Chago. "Mke wangu naye hupandwa nayo kila nikichelewa kurudi. Mpe chai ya kutuliza, akajilaze."

"Nadhani ni moyo," Mama Ondina alisema polepole.

Chago akasimama. Akashika kifua kwa mikono miwili, akapepesuka, akaangukia benchi huku ametoa ulimi nje. "Moyo ni huu, Ondina! Wewe umeshika taya. Nenda kwa mng'oa meno!"

Baraza lote likaangua kicheko. Yokasta alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alimtazama baba, akingoja amfunge Chago mdomo. Lakini baba ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi kwa kofia yake.

"Nenda kalale, mpenzi," alisema. "Nikimaliza mchezo huu nakuja."

Mchezo huo ukazaa mwingine, na huo mwingine ukazaa wa tatu. Yokasta alichemsha chai, mama akaitapika. Jua lilipoanza kuinama, alimkuta mama amelala sakafuni bafuni, midomo imekuwa ya kijivu. Yokasta alipiga ukelele uliofika mtaa mzima. Hapo ndipo baba alipokuja mbio, akambeba mkewe, akampakia kwenye lori.

Hospitalini walipokelewa na muuguzi mmoja mama wa makamo, aliyeitwa kwa heshima Doña Librada, mwenye mikono mipana na sauti ya kuamrisha. Madaktari walimfanyia kazi mgonjwa nyuma ya pazia kwa muda mrefu. Doña Librada alipotoka, aliuliza, "Ni shambulio la moyo. Maumivu yalianza lini?"

"Yalianza mchana," Yokasta alijibu. "Alisema. Aliwaambia kabisa kuwa ni moyo. Wakacheka."

Muuguzi alimtazama Wilton, kisha akashusha pumzi. "Ataishi. Lakini sehemu ya msuli wa moyo wake imekufa kwa kukosa damu. Angeletwa mapema, tungeiokoa."

Yokasta hakulia.

Mama Ondina alipopata nafuu ya kuzungumza, Doña Librada alikuja kuketi kando ya kitanda na kuwauliza habari za nyumbani. Wilton alikuwa bado anashangaa.

"Lakini Doña, mimi nilijua ugonjwa wa moyo ni wa wanaume. Ondina havuti, hanywi."

"Nani alikwambia moyo wa mwanamke umetengenezwa kwa chuma?" alijibu muuguzi. "Ugonjwa wa moyo unaua wanawake sawa na wanaume. Havuti, sawa. Nyumbani anavuta nani?"

Wilton alikohoa kidogo.

"Anavuta baba," alisema Yokasta. "Karibu na cherehani."

"Basi naye anavuta, ila hachagui sigara. Chumvi je? Mafuta? Ondina, usiku unapata usingizi wa saa ngapi?"

"Nne tu. Tano sare zikiwa chache."

"Na mimba ya binti huyu ilikwendaje?"

"Presha ilinipanda sana. Karibu nife."

"Hiyo ilikuwa kengele. Mwanamke aliyepandwa na presha akiwa mjamzito, inafaa apimwe mara kwa mara maisha yake yote. Nani amekupima tangu hapo?"

"Hakuna," alisema Mama Ondina, kana kwamba kosa ni lake.

Doña Librada alisema mengi mengine siku hiyo, lakini Yokasta alishika neno moja tu. Moshi ulikuwa wa baba. Kicheko kilikuwa cha baba. Aliyevuta ni yeye, aliyeungua ni mama. "Atalipa," Yokasta alijisemea.

Mama aliporudi nyumbani alikuja na amri nyingi: asile chumvi, asile vya kukaanga, asikae kwenye moshi, atembee kidogo kidogo na alale vya kutosha. Wilton alihamishia sigara zake barabarani na dhumna zake nyumbani kwa Chago. Kwake hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Kwa Yokasta hayakuwa malipo hata kidogo.

"Sasa atapika nani?" aliuliza baba siku ya kwanza, akisimama katikati ya jiko kama mtu aliyepotea njia.

"Mimi," alisema Yokasta. "Wewe kaa, baba. Pumzika."

Akainjika sufuria mbili. Ndogo ilikuwa ya mama: samaki wa kuchemsha, boga, maharage yasiyo na chumvi, limau na majani ya kotimiri. Kubwa ilikuwa ya baba. Humo alitia mafuta ya nguruwe yaliyohifadhiwa kwa chumvi, akavunjia vidonge vya kiungo cha mchuzi vyenye chumvi, kimoja baada ya kingine, kisha akaongeza konzi ya chumvi juu yake. Wali aliupika kwa mafuta mengi ili ukoko utoke mnene na kung'aa, kwa kuwa baba alikuwa tayari kugombana na mtu kwa ajili ya ukoko.

Wilton alionja, akasita. "Hapa hakuna chumvi nyingi kweli? Yule muuguzi alisema nyumba nzima tupunguze."

Yokasta alimtazama machoni bila kupepesa. "Nimepunguza, baba. Unachoonja ni majani ya oregano na limau."

Ulimi wa Wilton ulikuwa umekaushwa na sigara za miaka mingi. Aliamini. "Kumbe chakula cha wagonjwa kinaweza kuwa kitamu hivi! Binti yangu, umemshinda mama yako."

"Kuna kingine, baba. Niongeze?"

"Ongeza, mwanangu, ongeza."

Yokasta akaongeza.

Shuleni alikuwa na siri moja na rafiki mmoja, Dilenia. Wakati wa mapumziko walikaa ukutani, na Yokasta akamweleza kila kitu. Alitarajia kusifiwa. Dilenia aliacha kutafuna.

"Yaani unataka kumuua baba yako kwa maharage?"

"Simpi sumu. Nampa anachokipenda. Kwani nani alimlazimisha mama kuvuta moshi wake?"

"Sikiliza, hata mimi ningekasirika. Ningemnunia mwaka mzima. Lakini hivi..."

"Kununa hakuumi," Yokasta alimkata. "Nataka siku moja ashike kifua. Aniite. Halafu mimi nitamwambia, 'Ni mishipa tu, baba. Nenda kalale. Nikimaliza kazi hii nakuja.'"

Dilenia alimsogelea. "Umelifanyia mazoezi hilo neno, sivyo?"

Ni kweli alilifanyia mazoezi. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni, pale pale alipomkuta mama ameanguka, akalisema kwa sauti tamu, kisha kwa sauti ya kicheko kama cha Chago, mpaka akapata sauti aliyoitaka.

Siku zikapita, na Yokasta akamchunguza baba kama mkulima anayechungulia mbegu zake. Alimwona akihema kwa kupanda ngazi za barazani tu. Alimwona akishika kisogo asubuhi na kusema kichwa kinamgonga. Mkanda wa suruali ulihamia tundu jingine. Kila alipoyaona hayo, Yokasta alifurahi, na usiku akalala vizuri.

Jambo moja tu lilimuudhi. Baba alikuwa ameacha kula mezani. Kila jioni alichukua sahani yake na sahani ya mama, akaingia chumbani na kusukuma mlango kwa kisigino. "Nakula na mama yako," alisema. "Si vizuri ale peke yake." Yokasta aliwasikia wakinong'ona na kucheka mle ndani, akasonya. Sasa ndiyo anajifanya mume mwema! Walau sahani ya mama ilirudi tupu kila siku, na hilo lilimfariji.

Alhamisi moja, Yokasta alitoka shule na kukuta nyumba kimya. Mama Ondina alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mito imerundikwa nyuma yake. Miguu yake ilikuwa imevimba kama unga uliotiwa hamira. Alihema kama mtu aliyekimbia kutoka sokoni.

"Siwezi kulala chali," alisema kwa shida. "Nikilala, ni kama nazama majini."

Baba hakuwa amerudi na lori. Nyumba iliyokuwa karibu yenye gari ni ya Chago, aliyekuwa akitengeneza pikapu ya mteja. Yokasta alikuwa ameapa kutomsemesha mtu huyo maisha yake yote. Alikimbia mpaka mlangoni pake.

"Mama hawezi kupumua," alisema. Kisha akaongeza kwa uchungu, "Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, halafu utupeleke."

Chago hakucheka. Alidondosha spana, akaingia kwenye pikapu na mikono yake ikiwa na grisi, na njiani kote hakutoa hata neno moja, yeye ambaye hata kanisani hakunyamaza.

Doña Librada alimtambua mgonjwa mara moja. Alimwekea oksijeni, madaktari wakaja, pazia likavutwa. Wilton alifika baadaye kidogo akiwa anahema, kofia mkononi. Muuguzi akawajia ukumbini.

"Maji yamejaa mapafuni. Moyo unashindwa kusukuma damu vizuri. Daktari anadhani moyo wenyewe umezidi kuchoka, na anafikiria kumbadilishia dawa zote. Kabla hajafanya hivyo nataka kujua: amekuwa anakula nini?"

"Samaki wa kuchemsha," Yokasta alijibu upesi. "Boga. Maharage bila chumvi. Napika mwenyewe, kwenye sufuria yake."

"Umepika. Je, alikula?"

"Sahani ilirudi tupu kila siku!"

Wilton alikunja kofia yake. "Doña, nisamehe. Ondina alikuwa anashindwa kumeza chakula kile. Alisema kinamtia kichefuchefu, lakini hakutaka mtoto ajue, asije akavunjika moyo baada ya kuhangaika jikoni. Kwa hiyo tuligawana. Nusu ya sahani yangu nilimpa yeye, nusu ya yake nikala mimi. Nilijua hakuna ubaya. Changu pia kimepikwa bila chumvi nyingi, ila kina oregano."

Yokasta aliona ule mlango ukisukumwa kwa kisigino. Alisikia tena minong'ono na vicheko vya chumbani. Chumvi yote ile, konzi kwa konzi, mafuta yale, vidonge vile. Alikuwa anamlisha mama.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na Dilenia. Lakini nyuma ya pazia alisikia mlio wa mashine na ile pumzi fupi fupi ya mama yake.

"Kilikuwa na chumvi," alisema.

"Nini?" aliuliza baba.

"Chakula chako. Kilikuwa na chumvi nyingi sana. Na mafuta ya nguruwe, na vidonge. Kila siku. Nilikudanganya. Oregano haikuwemo."

Doña Librada hakungoja kusikia zaidi. Aligeuka, akaingia nyuma ya pazia, nao wakamsikia akimwambia daktari, "Ni chumvi! Amelishwa chumvi kila siku tangu atoke hapa." Sauti zikabadilika mle ndani. Dawa ya kutoa maji ikaletwa.

Ukumbini walibaki wawili. Wilton aliketi polepole kwenye benchi. "Kwa nini, Yokasta?"

"Kwa sababu ulicheka!" Sauti yake ilipasuka, watu wakageuka kutazama, naye hakujali. "Alikwambia ni moyo, ukacheka! Ukaendelea kucheza! Moshi ni wako, na aliyelala kitandani ni yeye, na wewe hakuna kilichokupata. Hakuna! Nilitaka kikupate."

"Ulitaka nife?"

Yokasta alifungua mdomo. Lile neno alilolifanyia mazoezi kwenye kioo halikuja. "Nilitaka uumie," alisema mwishowe. "Nilitaka uniite, nami nikwambie ni mishipa tu."

Wilton alifunika uso kwa kofia. Hakumgombeza, hakumpiga. Alikaa hivyo mpaka Doña Librada aliporudi, ameshika kipimo cha presha.

"Maji yameanza kutoka," alisema. "Ungenyamaza, binti, tungekuwa bado tunatibu kisichokuwepo. Sasa wewe, bwana, toa mkono."

Alimfunga kile kitambaa mkononi, akapima. Akatikisa kichwa, akapima mkono wa pili. Kisha akamgeuzia Yokasta macho makavu.

"Ulikuwa unataka kulipiza kisasi? Basi ulikaribia. Wiki chache zaidi na ningewalaza vitanda viwili vya kufuatana. Ungebaki na sufuria zako mbili na nyumba tupu."

Hapo ndipo Yokasta alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Muuguzi alimwacha alie, kisha akaketi katikati yao, baba upande huu na binti upande ule.

"Nisikilizeni wote wawili, kwa sababu sipendi kurudia. Moyo wa mwanamume na wa mwanamke unaharibiwa na vitu vile vile: sigara, chumvi, mafuta mengi, kukaa kutwa nzima, kukosa usingizi na mawazo yasiyo na wa kuyapokea. Sigara, tena, humuumiza mwanamke zaidi. Moyo ukizidiwa, mara nyingi kifua ndicho kinachouma, kwa wote. Lakini mwanamke aghalabu hupata na mengine, na pengine hayo peke yake: taya, mgongo, kichefuchefu, jasho la baridi, uchovu usio na sababu. Mwanamume naye huweza kuyapata. Kwa hiyo mtu akisema hajisikii vizuri, usimpime kwa sinema ulizotazama. Mlete. Kama ni mishipa, sisi ndio tutakaokwambia ni mishipa."

"Nimekuelewa, Doña," alisema Wilton.

"Sijamaliza. Sigara hizo mfukoni ni zako?"

Wilton alitoa pakiti, akaitazama, akaiweka kwenye mkono mpana wa muuguzi. Tangu siku hiyo alianza kazi ngumu kuliko kuendesha lori. Aliirudia sigara mara mbili, akaiacha tena, akanywa dawa zake za presha, na kila jioni akatembea mpaka ufukweni na kurudi.

Mama Ondina aliporuhusiwa kutoka, Yokasta alimweleza yote mwenyewe, kitandani, bila kuacha hata kidonge kimoja. Mama alisikiliza macho yakiwa kwenye dari. Kisha akageukia ukutani, na mgongo ule ulimuuma Yokasta kuliko fimbo.

Jumapili iliyofuata, Chago na wenzake walikuja kumjulia hali mgonjwa. Walimkuta Mama Ondina amekaa kwenye kiti cha mumewe barazani, miguu imepandishwa kwenye kigoda. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Wilton alikuwa ndani, amevaa aproni ya maua, anamenya ndizi huku binti yake akimwelekeza.

"He! Wilton!" Chago aliita, tabia yake ikimrudia. "Umeolewa lini, ndugu yangu, na hukutualika?"

Wengine wakaanza kucheka. Wilton alitoka barazani na kisu mkononi. Alingoja mpaka wakanyamaza.

"Tulikaa hapa hapa," alisema. "Mke wangu alisimama pale mlangoni, akasema ni moyo. Tukamcheka. Wewe uliigiza, Chago, lakini mimi ndiye mumewe, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Sehemu ya moyo wake imekufa wakati sisi tunapanga kete. Anayetaka kucheka tena, acheke sasa, kisha asirudi nyumbani kwangu."

Hakuna aliyecheka. Chago alivua kofia, akamsogelea Mama Ondina, akajikwaa kwenye maneno. "Ondina... mimi... mdomo wangu huu..."

"Mdomo wako naujua," alisema Mama Ondina. "Mpeleke mkeo akapimwe presha kesho. Hapo ndipo nitajua umeniomba msamaha."

Walipoondoka, mama alimwita binti yake na mumewe, wakasimama mbele yake kama wanafunzi wawili waliochelewa.

"Yokasta," alisema, "siku ile hakuna mtu aliyekasirika kwa ajili yangu ila wewe. Sitakwambia hasira ile ilikuwa mbaya. Ungeipeleka kwa Doña Librada, au kwa padri, au ungesimama barazani ukawapigia kelele wanaume wote wale, ningekuwa na fahari. Lakini wewe uliipika. Na hasira ikishaingia kwenye sufuria, mwanangu, haijui nani atakayekula."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini sitakudanganya kuwa nimesahau." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, Wilton. Hata mimi nimelala kitandani nikitafuta namna ya kukulipiza."

Wilton alishika aproni kwa mikono miwili. "Unayo haki. Sema chochote."

"Binti yako alitaka ufe. Hiyo ni adhabu nyepesi mno. Ukifa, utapumzika wewe, nami nitabaki na kazi zote. La! Kisasi changu ni kwamba utaishi. Utaacha sigara, utatembea, utakula boga, na utaishi mpaka uzeeke. Na kila siku ya Mungu, katika miaka yote hiyo, utaosha sufuria. Mimi nitakuwa nimelala."

Wilton alimtazama mkewe, akitafuta kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Alirudi jikoni, na baada ya muda kidogo wakasikia maji yakifunguliwa.

Yokasta alisimama barazani akisikiliza. Hakuwa amemsamehe baba yake, si siku hiyo. Lakini aliingia ndani, akachukua kitambaa, akaanza kukausha.